Mume wangu anazunguka palepale kila asubuhi, nifanyeje?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mwalimu wa shule ya msingi hapa Iringa mjini. Naandika kuhusu jambo ambalo kila nikimweleza mtu anacheka, na mimi nabaki na uchungu wangu.

Baba watoto ana baiskeli ya resi, zile zenye usukani uliojikunja na tairi nyembamba. Aliinunua mtumba kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Mwanzoni sikuwa na neno. Yeye ni mhasibu, anashinda kwenye kiti kutwa nzima, presha imeshaanza kumsumbua, nikasema afadhali mazoezi kuliko baa.

Kinachonitatiza ni namna anavyoendesha. Haendi popote. Anatoka saa 11 na nusu alfajiri, giza bado lipo, na baridi ya Iringa unaijua, anaanza kuzunguka barabara za lami za huku Gangilonga. Anapanda kilima, anapinda kushoto, anapita kwenye nyumba za zamani, anapinda kushoto tena, anashuka, anatokea palepale alipoanzia. Ni kama kilomita tatu hivi. Halafu anaanza upya. Halafu tena. Mama anayekaanga maandazi pale kona ameniambia siku hizi wateja wake wanamhesabia mizunguko, wengine wanawekeana dau.

Jumamosi ndiyo zaidi, maana anaunganisha saa mbili nzima. Wakati huo mimi nafua sare, nawaandaa watoto, na jumuiya nafika nimechelewa, sala ya mwanzo imeshapita. Juzi mama mmoja wa jumuiya kaniuliza mbele za watu, “Hivi mzee anatafuta nini pale?” Mwingine akasema tumweke kwenye maombi. Habari zimefika mpaka kwa mama mkwe, kijijini upande wa Kalenga. Akapiga simu: mtu mzima hazunguki sehemu moja bure, lazima kuna mkono wa mtu.

Nikamwambia mume wangu, kama ni baiskeli, si uende hata ukamsalimie mama, safari iwe na maana? Akasema anachokipenda ni kuzunguka. Nikamuuliza, unapenda nini kwenye njia ileile? Akafikiri kidogo, akajibu, “Pale akili yangu inapumzika.” Shangazi, neno hilo limenikaa. Inapumzika kutoka kwa nani? Maana nyumbani tupo mimi na watoto tu.

Sisemi ni mume mbaya. Akirudi anakuwa mchangamfu, anawasha jiko, anachemsha maji ya watoto ya kuoga, anakoroga uji. Taulo nalikuta na alama za grisi ya cheni, hilo nimeshalizoea.

Mwezi uliopita tuligombana, nikamwambia anatuaibisha. Akanyamaza, na kesho yake jioni akaja na jibu: kama kuzunguka ni aibu, ataacha, atakuwa anashuka Ipogolo na kushika barabara kuu mpaka Mafinga na kurudi, “safari yenye maana.” Barabara ile naijua, malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana. Tena kijana wetu wa kwanza, ana miaka 14, anataka kumfuata baba yake.

Nikimwambia aendelee kuzunguka, watu wataendelea kucheka. Nikikubali Mafinga, nitashinda na simu mkononi. Nikimwambia auze baiskeli, namjua, atauza bila kusema neno, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Nifanye nini?

Mama wa Gangilonga, Iringa

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huu, na pole zaidi kwa kuubeba huku watu wanacheka. Jambo likionekana dogo kwa wengine, mwenye nalo hata pa kulilia anakosa.

Nikikuelewa vizuri, yapo mambo kadhaa yaliyofungwa pamoja. Kuna maneno ya watu. Kuna hofu ya malori, na hofu hiyo ni ya haki kabisa. Na chini ya yote kuna lile neno lake, kwamba akili inapumzika, ambalo wewe umelisikia kama mlango unaofungwa. Naomba nianze na mizunguko yenyewe, maana nadhani hakuna aliyekaa na wewe akakueleza kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu aipende, na bila kulijua hilo, mengine yote yatakuwa kubahatisha.

Sisi tumelelewa tukijua baiskeli ina kazi. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini inabeba madumu ya ulanzi, magunia ya mkaa, maziwa, matenga ya nyanya, hata mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Mtu aliyepakia kitu hakuna anayemhoji, mzigo wake unamjibia. Mumeo anapita mtupu, amevaa kaptula ya kubana na kofia ngumu, na akirudi harudi na kitu. Lazima watu waulize. Sidhani wote wana nia mbaya, hawajawahi tu kuona baiskeli ikiendeshwa kwa ajili ya anayeiendesha.

Mahali pengine hilo ni jambo la kila siku. London kuna bustani kubwa iitwayo Richmond Park, yenye kulungu wanaotembea huru, na barabara inayoizunguka ina urefu wa karibu kilomita 11. Waendesha baiskeli wanaizunguka alfajiri kabla ya kwenda kazini, leo kama jana. Paris wapo wanaozunguka uwanja wa mbio za farasi wa Longchamp, mzunguko usiofika hata kilomita nne, karibu sawa na huo wa mumeo. New York wana Central Park, mzunguko wa kama kilomita 10, na tangu mwaka 2018 magari ya watu binafsi hayaruhusiwi kupita kwenye barabara za ndani ya bustani hiyo. Juma Ikangaa wetu aliposhinda marathoni ya New York mwaka 1989, alimalizia ndani ya bustani hiyohiyo. Na marathoni hiyo ilipoanza mwaka 1970 haikutoka nje ya bustani kabisa, wakimbiaji waliizunguka tu mpaka kilomita 42 zikatimia.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Katika mchezo wa baiskeli kuna rekodi ya saa moja: mtu anazunguka kiwanja kimoja kwa dakika 60, kisha wanapima amefika kilomita ngapi. Mwaka 1972 Eddy Merckx wa Ubelgiji aliifanyia Mexico City, mji ulio juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi na haimkabi sana mwendeshaji. Alifika kilomita 49.431. Mwaka 2022 Filippo Ganna wa Italia alifika kilomita 56.792 kwenye kiwanja cha mita 250, yaani mizunguko zaidi ya 220, na watu waliketi kumshangilia. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Sasa, raha yake iko wapi? Mtu akiwa kwenye barabara asiyoijua, macho yake yote yako kazini: shimo, mchanga, mbwa, bajaji inayochomoza bila taarifa. Kwenye mzunguko aliouzoea, baada ya muda anajua mvua ikinyesha mchanga unajikusanya wapi, lami imebonyea mbele ya geti lipi, mbwa wa nani hufunguliwa saa ngapi. Macho yakishatua, masikio yanageukia ndani. Anasikia pumzi yake, anasikia miguu, anajua hapa niongeze na hapa niachie. Wewe ni mtu wa jumuiya, utanielewa: kwenye rozari Salamu Maria ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa kuwa ni ileile, moyo unapata nafasi ya kutafakari fumbo.

Halafu kuna kujipima. Anayeanza na kumaliza mahali pamoja amepanda kiasi kilekile alichoshuka, na upepo uliompiga usoni upande huu unamsukuma upande ule, si haba. Kwa hiyo mzunguko wa leo anaweza kuulinganisha na wa wiki iliyopita akajua kweli kama mwili umepata nguvu. Kile kilima cha Gangilonga kinampa kazi, mteremko unampa kupumua, tena kazi, tena kupumua. Makocha huwapangia wanamichezo mazoezi ya namna hiyo kwa saa na filimbi. Yeye kilima ndicho kinachompangia.

Hata huko kupinda kushoto umekuona ukakuandika, sijui kama unajua maana yake. Tanzania tunapita kushoto. Anayepinda kushoto kila kona hana haja ya kukatisha mbele ya gari linalotoka upande wa pili. Mtu aliyechagua mzunguko hivyo amefikiria kurudi nyumbani mzima.

Tuje kwenye lile neno. Umeuliza, akili inapumzika kutoka kwa nani? Mimi nisingeharakisha kuweka “nani” pale, mwanangu. Fikiria siku ya mhasibu. Kila tarakimu ni uamuzi, na kila kosa litatafutiwa mwenyewe. Akitoka ofisini kuna ada, kuna kodi, kuna mchango wa harusi ya binamu. Kwenye mzunguko hakuna la kuamua, kona inayofuata anaijua. Huenda anapumzika na kuamua. Huenda pia kuna jambo linalomkaa kifuani ambalo hajalitamka, la kazi au la afya, maana umeitaja presha kwa haraka ukapita. Mimi sijui, na wewe hujui, kwa sababu alipokujibu mazungumzo yaliishia hapo. Umeniandikia mimi swali ambalo yeye bado hajaulizwa. Ukimuuliza, chagua wakati wa utulivu, jioni watoto wamelala, na umuulize kwa sauti ya anayetaka kujua.

Pia kuna sentensi umeipitia mbio nami nimeirudia: kwamba akirudi anakuwa mchangamfu, anachemsha maji, anakoroga uji. Mtu anayeikimbia nyumba yake huwa harudi hivyo. Siisemi hii ili ujione mkosaji kwa kulalamika. Nataka uiweke mezani pamoja na lile neno, ndipo uyapime.

Na ipo sentensi nyingine, kwangu mimi ndiyo nzito kuliko zote. Yeye akizunguka, wewe unafua sare, unaandaa watoto, na jumuiya unaikuta katikati. Nimejiuliza: kama Jumamosi na wewe ungekuwa na saa mbili zako, bila mtoto kiunoni, bila beseni mbele yako, mizunguko yake ingekuuma hivi? Jibu unalo wewe. Kama ni hapana, basi ugomvi wenu ni wa saa, na kukuta baiskeli imehamia barabara ya Mafinga hakutakurudishia hata dakika moja. Kwenda Mafinga tu ni kilomita kama 80. Kwenda na kurudi kwa baiskeli, Jumamosi yote imekwisha, na jioni mtu amelala kama gogo.

Kuzunguka kuna faida moja ambayo majirani hawaioni: hayuko mbali. Mtoto akiamka na homa, unamtuma mtu kona ya maandazi, dakika chache baba yupo. Akipata pancha anatembea kwa mguu. Mkikubaliana saa ya kumaliza, wewe utawahi jumuiya. Hayo ni mambo mnayoweza kupatana. Jumamosi moja azunguke kidogo, aje ashike beseni la sare wewe uwahi sala ya mwanzo. Nyingine apate saa zake mbili, na alasiri wewe upate zako, uende unakotaka, hata ukalale tu. Ila ukifungua maongezi hayo siku mmegombana, atayasikia kama adhabu, atakubali yote haraka, na utabaki na ule ukimya unaouogopa.

Barabara kuu. Hapa nasema waziwazi kwamba naogopa kama wewe. Kushuka Ipogolo ni mteremko mkali, na huko chini ndiyo njia ya malori yanayotoka Dar kwenda Tunduma na kuvuka mpaka. Tairi za resi ni nyembamba, ukingo wa lami ukiwa umekatika hana pa kukwepea, na lori refu likipita kasi upepo wake peke yake unamyumbisha mtu. Wapo wanaoiendesha barabara hiyo na kurudi salama. Wanakwenda kikundi, mchana, nguo za kung’aa, pengine na gari nyuma yao, na bado hatari haiishi. Kama kwenda mbali kweli ni ndoto yake, inastahili kuzungumzwa, na kupangwa kwa namna hiyo. Lakini angalia jinsi ilivyokuja: kabla ya neno aibu Mafinga haikutajwa. Inawezekana haitaki. Inawezekana anajaribu kukupa safari yenye maana unayoitaka, kwa njia pekee aliyoiona. Ni vizuri mlijue hilo mapema, kabla mtu hajawa barabarani kwa ajili ya kuthibitisha kitu ambacho hakuna aliyehitaji kithibitishwe.

Kuuza baiskeli umeshalijibu mwenyewe kuliko ninavyoweza kulijibu mimi. Naongeza tu kwamba mwenye presha akiacha mazoezi ghafla, anahitaji kitu kingine cha kushika mahali pake, na hilo mzungumze na daktari wake. Hata akiendelea kuzunguka, kipimo cha presha kiwe kinafanyika, asije akaamini kilima peke yake.

Kijana wenu. Kumpeleka Mafinga siwezi kukushauri hata kidogo, miaka 14 ni mdogo mno kwa malori yale. Kwenye mzunguko ni habari nyingine, na hapa nakuomba ufikirie polepole. Kwenye njia iliyonyooka mtoto wa baiskeli ya kawaida ataachwa nyuma na baba yake, atavunjika moyo ndani ya nusu saa. Kwenye mzunguko baba atampita, kisha atamkuta tena, watapanda wote kidogo, atampita tena. Wanaendesha pamoja bila kulingana nguvu. Kwa mtoto wa umri huo, anayeanza kujifungia na simu, hiyo ni nafasi ya kuwa na baba ambayo haiji mara nyingi. Hatari zipo: giza la alfajiri, gari la mtu anayewahi kazini, breki mbovu. Akikubaliwa, awe na kofia ngumu inayomtosha, taa mbele na nyuma, breki zikaguliwe na fundi, na asitoke kabla hakujapambazuka. Ukiona bado, una haki ya kusema bado.

Maneno ya watu ni magumu zaidi, kwa sababu huwezi kuyapangia. Mama wa jumuiya aliyekuuliza mbele za watu, unaweza kumjibu kwa kifupi kwamba mzee anafanya mazoezi ya presha, ukahamia mada nyingine. Watu hupata nguvu ya kusema wakiona mke mwenyewe ameinamisha uso. Au usijibu. Najua Iringa si mji wa kujificha, na sitakudanganya kwamba kicheko kitaisha wiki ijayo. Nimependa hata hivyo kwamba wateja wa maandazi wanahesabu. Siku hazifanani, na mtu akishaanza kuhesabu mizunguko ya mwenzake, siku akikosa kumuona ataulizia.

Mama mkwe mpe nafasi yake. Amesema kuna mkono wa mtu, nawe limekutisha. Mimi nimejiuliza alimuona mwanawe mara ya mwisho lini. Mama wa kijijini anaweza kusema “karogwa” wakati moyo wake unasema “hanikumbuki.” Si lazima mumeo afike Kalenga kwa baiskeli, na tairi zile vumbi si rafiki yake. Nendeni kwa daladala, wote na watoto, na kilo za sukari, yeye mwenyewe amweleze mama yake kwa mdomo wake anafanya nini asubuhi na daktari alisema nini. Hilo nisingependa ulibebe wewe.

Na kabla hujaamua lolote, kuna jambo moja nisingekulazimisha, nakupa tu ulifikirie. Umemuona mumeo akizunguka kupitia macho ya mama wa maandazi, ya jumuiya, ya mama mkwe kwenye simu. Sijaona kwenye barua yako kwamba uliwahi kusimama pale kona ukamtazama wewe. Jumamosi moja, jirani akikaa na watoto, vaa sweta uende na chupa ya chai. Mwangalie anavyokipanda kile kilima, na uso wake anapokuona. Unaweza kurudi bado huelewi, na hiyo si dhambi, mke halazimiki kupenda kila anachopenda mumewe. Ila utakuwa unazungumza naye juu ya kitu ulichokiona.

Kuhusu Mafinga, mwombe asubiri mpaka mmekaa na kuongea. Mwambie wazi kwamba unaiogopa barabara ile, maana kwenye ugomvi ule huenda alisikia aibu tu na hofu yako hakuisikia. Kisha mwambie na habari ya Jumamosi zako. Niandikie tena mkishakaa, na kama bado atataka kwenda, niandikie kabla ya siku yenyewe.

Shangazi